Gari Lililogoma Kuviringika: Namna ya Kulipandisha Kwenye Trela Bila Kuumiza Mtu

Mbaraki, mjini Mombasa, ina maghala, yadi na gereji zilizobanana kati ya bandari ya Kilindini na kijito cha Mbaraki, na nyuma ya nyingi kati ya yadi hizo hakukosekani gari lililoegeshwa "kwa muda". Aghalabu ni Toyota iliyoshushwa melini hapohapo bandarini ikiwa mtumba kutoka Japani, ikafanya kazi ya teksi au ya kubebea mizigo miaka nenda rudi, kisha ikaharibika injini ikasubiri pesa za fundi. Pesa hazikuja. Chumvi ya bahari nayo haikusubiri mtu: ilikula sakafu, ikala bomba la moshi, ikashikamanisha breki na ngoma zake mpaka gurudumu likawa kama limechomelewa.

Siku mwenye yadi anapoitaka nafasi yake, huitwa trela, huitwa vijana wanane, na "harambee!" ikaanza. Gari linasogea shibiri moja, linakwama. Vijana wanaongezwa. Anaitwa mwenye pikapu avute kwa kamba. Kamba inakatika.

Tatizo hapo si uchache wa nguvu. Ni kwamba kazi imeanzia mwisho. Gari la kilo 1,000, ambao ndio uzito wa Corolla ya miaka ya 1990 kwa makadirio, likiwa linaviringika vizuri hudai mvuto wa kama kilo 280 kulipandisha rampu yenye mwinuko wa nyuzi 15. Gari hilohilo magurudumu yote manne yakiwa yamekwama hudai zaidi ya kilo 900. Ni tofauti ya kuvuta magunia matatu ya mahindi na kuvuta magunia kumi. Kwa hiyo saa mbili za mwanzo zitumike kulegeza gari, si kulivuta. Fundi anayefika na spana, nyundo na jeki atamaliza kabla ya yule aliyekuja na vijana kumi.

Makaratasi kabla ya mnyororo

Kenya ina Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka 2015, na anayenunua chuma hicho anatakiwa kuwa na leseni. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima kwa miezi kadhaa, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na tangu hapo polisi wa barabarani humtazama kwa jicho la pili mtu anayesafirisha gari bovu bila karatasi. Usiguse gari kabla ya kuona kitabu chake cha usajili, kulinganisha namba ya chesisi na iliyoandikwa humo, na kupata barua fupi ya mwenye gari inayoruhusu lihamishwe. Gari likienda kuvunjwa moja kwa moja, mwenyewe aijulishe mamlaka ya usafiri, NTSA, na kurudisha kitabu pamoja na vibao vya namba, asije akasikia siku moja vibao hivyo vimeonekana kwenye gari la mtu mwingine.

Tafuta kilicholishika

Piga magoti ukague gurudumu moja moja. Sababu za kawaida ni tano, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni gia. Gari la otomatiki lililozimwa likiwa kwenye P halitasogea. Kwenye Toyota nyingi, karibu na mkono wa gia pana kifuniko kidogo au kitufe kilichoandikwa SHIFT LOCK. Kibonyeze kwa bisibisi huku ukisukuma mkono kwenda N. Betri iliyokufa haizuii jambo hilo. Mkono ukikataa kabisa, jua kwamba magurudumu yanayosukumwa na injini ndiyo yatakayohitaji kunyanyuliwa au kutelezeshwa, na kwa gari dogo hayo kwa kawaida ni ya mbele.

Ya pili ni handbreki. Waya wake hushika kutu ndani ya ala yake hata kama mkono umeshushwa. Gari linakwenda kuvunjwa, kwa hiyo usipoteze muda wa kuubembeleza: ukate chini ya gari, pande zote mbili.

Ya tatu, na hii ndiyo bingwa wa Pwani, ni breki zenyewe. Kwa breki za ngoma, vua gurudumu, ugonge uso wa ngoma katikati ya stadi kwa nyundo nzito, mapigo mafupi ya kuzunguka. Ngoma isipolegea, tafuta tundu dogo nyuma ya sahani ya breki, uingize bisibisi na kurudisha kile kigurudumu cha meno kinachosukuma viatu. Kwa breki za diski, fungua nipo ya kutolea upepo ili shinikizo la mafuta litoke, kisha upenyeze bisibisi nene kati ya pedi na diski. Nipo ikikatika, na kwa kutu ya huku itakatika, fungua boliti mbili zinazoshika kalipa uitoe nzima. Ni kazi ya dakika chache kama una bomba refu la kuongezea mkono wa spana.

Ya nne ni usukani uliojifunga kwa sababu ufunguo umepotea. Magurudumu ya mbele yakiwa yameelekea mbele, bahati yako, acha hivyohivyo. Yakiwa yamekunjwa, fundi afungue viungo vya nje vya usukani kwenye magurudumu yote mawili, ayanyooshe kwa mkono, halafu ayafunge kwa waya au mkanda yasiyumbe.

Ya tano ni tairi lenyewe. Tairi lisilo na upepo huongeza ukaidi kuliko watu wanavyodhani. Jaribu kulijaza kwanza. Likishika upepo kwa nusu saa, limekutosha.

Kama magurudumu hayapo

Hili ni jambo la kila siku. Gari lililokaa sana huibiwa magurudumu, au mwenyewe huyauza yakiwa bado na thamani, na chesisi hubaki juu ya matofali. Njia nzuri kuliko zote ni kuazima magurudumu manne mabovu. Hayahitaji kuwa ya ukubwa wake. Yanatakiwa yakubali stadi zake tu. Toyota ndogo nyingi hutumia nati za spana ya 21, lakini stadi huwa nne au tano, tena umbali kati ya stadi hutofautiana, hivyo pima kabla ya kubeba magurudumu kutoka Changamwe. Nati tatu zilizokazwa kwa kila gurudumu zinatosha mwendo wa mita kumi.

Magurudumu yasipopatikana, gari liteleze. Weka bati nene la chuma chini ya kila kitovu au kila tairi lililokwama, ulipake grisi upande wa chini, na mbele yake utandike bati jingine la kutelezea. Ule mvuto wa kilo 900 utashuka kuelekea kilo 400. Boneti kuukuu iliyogeuzwa juu chini ni sleji nzuri mno, na mafundi wengi wa juakali wanaijua siri hiyo. Unaweza pia kutumia magogo ya kuviringisha, kama wanavyopandisha majahazi ufukoni, ila yanahitaji uwanja tambarare. Kwenye rampu ni hatari, kwa sababu gogo likichoropoka hakuna cha kulishika gari.

Jambo la kusisitiza ni jeki. Ardhi ya Mbaraki ni udongo juu ya mawe ya matumbawe, na baada ya masika hudanganya: juu pakavu, chini matope. Weka ubao mnene wa angalau sentimita 30 kwa 30 chini ya jeki. Gari likishanyanyuka, sukuma gurudumu la akiba au rundo la mbao chini ya kizingiti cha mlango kabla hujaingiza hata mkono. Hakuna anayelala chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni "sekunde moja tu". Gari lililoliwa na kutu linaweza kutobolewa na jeki na kushuka bila mlio.

Toa vimiminika na betri

Gari litainama, litatikisika, na yaliyomo yatamwagika. Petroli itolewe kwenye tangi kwa mpira na pampu ya mkono, si kwa kunyonya kwa mdomo, na isitolewe karibu na mtu anayekata chuma. Oili ya injini na ya gia iingie kwenye madumu na ipelekwe kwa gereji inayokusanya oili chafu. Kumwaga majini ni kosa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, na kijito cha Mbaraki hakihitaji msaada zaidi wa uchafu.

Betri ivuliwe na ibebwe wima, asidi isimwagike. Mombasa ina somo lake kuhusu risasi iliyomo ndani yake. Mtaa wa Owino Uhuru, upande wa bara, ulichafuliwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Usimwachie mtoto wa mtaani betri aivunje kwa ajili ya vipande vya risasi.

VIFAA VYA KUWA NAVYO

☐ Winchi ya trela, au chenbloku ya wenzo ya tani 3
☐ Kapi moja imara na shakeli mbili
☐ Mnyororo mfupi wa kufungia pande mbili za chesisi
☐ Kabari nne za mbao ngumu, kubwa kuliko ngumi
☐ Jeki mbili na mbao za kuwekea
☐ Spana ya magurudumu, nyundo nzito, mtaimbo, bisibisi nene
☐ Grisi, mabati mawili au manne, pampu ya upepo
☐ Mikanda minne ya kufungia mzigo yenye racheti
☐ Glavu, viatu vya ngozi na maji ya kunywa (chuma cha saa sita mchana Mombasa kinaunguza)

Neno moja kuhusu chenbloku. Ile yenye mnyororo mrefu wa kuvutwa kwa mikono imetengenezwa kuning'inia na kunyanyua wima. Ikilazwa, mnyororo wake hupanda meno na kukwama. Kwa kuvuta mlalo tafuta ile ya wenzo, inayopigwa mbele na nyuma. Huvuta mita moja na nusu au tatu, kisha huna budi kupiga kabari magurudumu, kurefusha mnyororo na kuanza upya. Inachosha, lakini haikurupuki.

Kuliweka trela

Gari na trela viwe katika mstari mmoja. Kuvuta kwa pembeni ndiko kunakotupa gari nje ya rampu, na katika yadi finyu wengi huona uvivu kulirudisha trela mara ya tatu. Lirudishe.

Kisha punguza mwinuko. Trela lenye sakafu ya sentimita 60 na rampu za mita 2.4 lina mwinuko wa karibu nyuzi 15. Ukilirudisha nyuma mpaka mkia wake uelekee sehemu ya ardhi iliyoinuka, au ukinyanyua pua ya trela kwa jeki yake ili mkia ushuke, unaweza kupata nyuzi 10 na kuokoa karibu theluthi moja ya mvuto. Trela liwe limefungwa kwenye gari linalolivuta wakati wote wa kupakia, handbreki imekazwa, kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote. Mkia wake utegemezwe kwa mbao, la sivyo uzito wa gari likipanda utanyanyua pua ya trela na kunyanyua nyuma ya pikapu yako pia.

Trela lisilo na winchi linahitaji nanga ya mbele, na nanga hiyo ni chesisi ya gari linalovuta. Si nguzo ya umeme, si mwarobaini wa jirani, wala si ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Mnara wa Mbaraki, jengo la kale la mawe hayohayo, umesimama karne kadhaa bila kufungwa mnyororo wa chenbloku, uachwe hivyo. Kwa wakazi wa Mji wa Kale onyo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa trela haliingii katika vichochoro vyao na kishawishi cha kufunga kamba kwenye boriti au nguzo ya roshani ni kikubwa. Huko gari livishwe magurudumu, lisukumwe kwa mikono hadi barabara pana, na lipakiwe hapo.

HATUA ZA KUVUTA

1. Tafuta pa kufungia. Gonga chesisi kwa nyundo: mlio wa kengele ni chuma kizima, mlio wa debe bovu na vumbi jekundu ni kutu. Funga mnyororo pande zote mbili, kushoto na kulia, kwenye chesisi au mihimili ya magurudumu, ufanye umbo la V. Usifunge bampa, viungo vya usukani wala radieta.

2. Gawa kazi. Mmoja kwenye winchi, wawili wa kabari nyuma ya magurudumu, mmoja msemaji. Msemaji peke yake ndiye anayesema "vuta" na "simama". Lakini neno "simama" likitoka kwa yeyote, hata kwa mpita njia, kila mtu anasimama.

3. Futa mstari wa hatari. Asiwepo mtu kati ya gari na winchi, wala ubavuni mwa waya kwa umbali wa urefu wake. Tundika gunia zito au koti kuukuu katikati ya waya. Ukikatika, uzito huo utaushusha chini badala ya kuuacha upige hewa.

4. Vuta mpaka waya ukaze, simama. Kagua shakeli, kulabu na mnyororo kwa macho. Hapa ndipo makosa mengi hugunduliwa bure, kabla ya gharama.

5. Vuta kwa nusu mita nusu mita. Kila kituo, kabari zisogezwe nyuma ya magurudumu. Watu wa kabari watembee pembeni ya gari, kamwe si nyuma yake, na wasukume kabari kwa mti mrefu, si kwa mkono.

6. Mvuto ukizidi uwezo wa winchi, usiongeze bomba kwenye mkono wake. Weka kapi kwenye gari, pitisha waya, urudishe kulabu kwenye trela. Nguvu inakuwa karibu maradufu na mwendo unakuwa nusu.

7. Magurudumu ya mbele yakifika juu ya rampu, punguza mwendo. Hapo tumbo la gari huweza kugusa ukingo wa trela. Likigusa, weka mbao chini ya ncha za rampu kuzirefusha, usilazimishe.

8. Gari likishakaa, piga kabari magurudumu yote kabla ya kulegeza winchi hata kidogo.

Makosa yanayorudiwa kila wiki

Kuvuta kwa pikapu inayokimbia ndilo kosa la kwanza. Dereva huacha kamba ilegee, akachapa mafuta ili apate mshtuko. Kamba ya nailoni hunyumbuka na kuhifadhi nguvu hiyo; ikikatika, hurudi na kipande cha chuma ilichofungwa nacho. Kosa la pili ni kumweka mtu ndani ya gari ashike usukani wakati breki zimetolewa: hana cha kukanyaga, na gari likichoropoka linaondoka naye. La tatu ni umati wa kusukuma kwa nyuma. Wingi wa watu hutia moyo, lakini kila mmoja wao yuko mahali ambapo gari litapita likirudi.

Kuna na kosa la heshima. Kijana wa kabari anaona shakeli imekaa vibaya, lakini fundi ni mzee na kijana ananyamaza. Mwambieni mapema kwamba kusema "simama, baba" si utovu wa adabu.

Kufunga, na njia ya kutoka kisiwani

Pua ya gari, ambako iko injini, itangulie mbele ya trela, na uzito uwe mwingi kidogo mbele ya ekseli. Kipimo cha mafundi ni kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote iilemee kulabu ya gari linalovuta. Uzito ukikaa nyuma, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki mara mwendo ukiongezeka. Mikanda minne, mmoja kila pembe, ivute kuelekea nje na chini. Racheti ikazwe mpaka springi za gari zibonyee kidogo. Funga boneti na milango kwa waya. Toa vioo vilivyopasuka, matofali, na kila kilichosahaulika ndani.

Wakati mzuri wa kutoka Mbaraki ni Jumapili asubuhi, kabla malori ya bandarini na msongamano wa feri havijaamka. Anayeelekea bara apitie Makupa, na akivuka aegeshe mahali salama upande wa Changamwe akaze racheti tena, kwa maana mikanda hulegea kilomita chache za kwanza. Anayekwenda Likoni kwa feri aulizie maji. Maji yakipwa, mteremko wa kushukia unakuwa mkali, na trela lililozama nyuma litakwaruza mkia wake kwenye sakafu ya feri mbele ya watu wote.

Ukifika, gari lishuke kwa winchi vilevile lilivyopanda, waya umekazwa, kabari zikitangulia. Kulifungua na kuliachia literemke lenyewe ndiko kulikovunja kuta za yadi nyingi. Kabla ya kuondoka, shuhudia gari likipimwa kwenye mizani, kisha udai risiti yenye uzito, tarehe, namba ya chesisi na namba ya leseni ya mnunuzi.